Bibi Aliitwa Nani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Wanawake wa Zamani wa Kanda ya Ziwa

Tuliomba maswali kuhusu kuwakumbuka wanawake wa kawaida wa huku kwetu ziwani: wakulima wa mtama na pamba, wafinyanzi, wakunga, waanika dagaa, wake wadogo wa wazee ambao nao wamesahaulika. Barua zimetoka pande zote za ziwa na nyingi zina kilio kimoja, kwamba hata jina halijulikani. Tumechagua saba.

Mama Kulwa ndiye nani?

*Salaam, wahariri. Bibi mzaa baba hajulikani kwa jina lingine ila Mama Kulwa. Amebaki shangazi mmoja, mzee sana. Anasema reli ilipofika Mwanza yeye alikuwa bado tumboni na kaka yake Kulwa alikuwa akichunga ndama. Anasema pia mama yao aliwahi kuwasimulia kaka zake alivyoiona nyota yenye mkia akiwa mtoto. Alikufa mwaka wa nzige, wakati baba yangu, kitinda mimba, hajaanza kutembea. Cheti cha ubatizo cha baba kinasema alizaliwa 1932. Nifanyeje nipate jina lake na miaka yake? — Mwalimu mstaafu, Buswelu*

Mwalimu, nenda kwa shangazi wiki hii. Usingoje mvua zipite. Kila kitu kingine kwenye barua hii kinaweza kusubiri isipokuwa yeye.

Ukifika usimuulize "mama yako aliitwa nani". Mtoto wa zamani hakumtaja mzazi kwa jina, na mzee wa umri huo anaweza kusema hajui hali analijua. Muulize kwa kupitia vinywa vya wengine. Mama yake mzazi alimwitaje? Kaka zake walipokuja kumtembelea waliulizia nani mlangoni? Wake wenzake walimwita kwa jina gani walipogombana? Wakati wa tambiko lilitajwa jina gani? Halafu uliza swali linalozaa kuliko yote: ni mjukuu yupi aliyepewa jina la bibi? Usukumani wajukuu hurithi majina ya wazee, hivyo jina lake huenda liko hai kwa binamu yako na hakuna aliyekuambia limetoka wapi.

Andika kila jina utakalolipata, usichague mojawapo. Mwanamke wa enzi zile alikuwa na jina la kuzaliwa, alikuwa ng'wana fulani, yaani binti wa fulani, alikuwa mama wa mtoto wake, pengine alibatizwa, na mara nyingi kijiji cha mumewe kilimwita kwa asili yake tu: Mkerewe, Mjita, Mnyamwezi. Daftari la kanisa litakuwa na jina moja, kesi ya mahari jina jingine, na kumbukumbu ya majirani la tatu. Ukitafuta kwa jina moja utaamini alikuwa hayumo popote.

Kulwa lenyewe ni dokezo. Kulwa ni pacha wa kwanza na Doto wa pili; anayezaliwa baada ya pacha huitwa Shija. Muulize shangazi Doto alikwenda wapi. Kama hakuna anayemkumbuka, huenda alikufa mchanga, na hapo umeshapata kifo kingine cha kuandikwa. Lakini tahadhari: Kulwa huweza pia kuwa jina la kurithi kutoka kwa mzee aliyekuwa pacha. Bila Doto wala Shija, usiandike "alizaa mapacha".

Sasa miaka. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, basi shangazi ni wa 1928 au mwanzoni mwa 1929. Mtoto hupewa ndama akiwa na miaka 5 hadi 7. Kulwa basi alizaliwa kati ya 1921 na 1923. Ikiwa ndiye uzazi wa kwanza, na msichana wa wakati huo alizaa kwanza akiwa na miaka kati ya 16 na 20, mama alizaliwa kati ya 1901 na 1907. Nyota yenye mkia ilionekana 1910. Mtoto wa chini ya miaka 5 hawezi kuikumbuka vizuri kiasi cha kuja kuisimulia ukubwani, kwa hiyo tunakata ncha ya mwisho: 1901 hadi 1905. Baba yako alizaliwa 1932 na mtoto hutembea akikaribia au akipita kidogo mwaka mmoja. Kifo basi ni 1932, 1933, au mwanzoni kabisa mwa 1934. Nzige wanakubaliana na hilo, ila usiwategemee peke yao, maana walirudi zaidi ya mwaka mmoja katika kipindi hicho. Muulize shangazi shambani kulikuwa na nini. Mtama wenye masuke ni kuelekea Mei na Juni. Kuchuma pamba ni Juni hadi Agosti. Kupanda ni Novemba na Desemba. Kwa wasomaji wa upande wa Bukoba, senene wa Novemba ni alama nzuri kuliko zote.

Hesabu hii huharibika mahali pawili. Kwanza, watoto waliokufa kabla ya Kulwa. Uliza taratibu, faraghani, "walitangulia wangapi?" Kila mmoja aliyetangulia humrudisha mama nyuma miaka miwili au mitatu. Pili, neno "vita", mzee akikutajia kama alama ya mwaka. Wazee huita vita zote mbili vya Mjerumani. Zitenganishe kwa fedha: mahari ikihesabiwa kwa rupia ni kabla ya shilingi, iliyoanza 1921.

Umri wake basi ulikuwa kama miaka 27 hadi 33, na kitinda mimba ni kitinda mimba kwa sababu mama hakuishi. Muulize shangazi kama mama aliugua tangu kujifungua. Ukiambiwa "hakuinuka vizuri tena baada ya mtoto", andika maneno hayo hayo kama yalivyosemwa.

Kitabu kinasema Mariamu

*Shikamooni. Paroko aliniruhusu kuangalia daftari la ubatizo. Mstari wa bibi mkubwa nimeunakili hivi: "die 14 7bris 1931... baptizavi Mariam, adultam, in periculo mortis... obiit 16 ejusdem." Nimeelewa alibatizwa 14 Julai. Lakini wazee wa ukoo wanakataa kabisa, hapakuwa na Mariamu katika nyumba ile. Kitabu kimekosea? — Msomaji, Ukerewe*

Marahaba, mwanetu. Kitabu hakikukosea na wazee hawakukosea.

*7bris* si mwezi wa saba. Ni *Septembris*: mapadri waliandika 7 kwa *septem*, 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Bibi alibatizwa tarehe 14 Septemba 1931. *Mariam* ni Maria. Kilatini hubadilisha mwisho wa jina likiwa linatendewa, kwa hiyo utakuta *Annam*, *Theresiam*, *Magdalenam*, na wote ni Anna, Theresia na Magdalena. *Adultam* maana yake alikuwa mtu mzima. *In periculo mortis* ni katika hatari ya kufa. *Obiit 16 ejusdem*: alifariki tarehe 16 ya mwezi huo huo.

Alikuwa Maria kwa siku mbili. Ndiyo sababu hakuna mzee anayemjua Maria.

Rudi kwenye ukurasa ule ule ukatazame yaliyobaki. Baada ya *filiam*, yaani binti wa, hufuata jina la baba na la mama yake, na hapo ndipo huenda ukapata jina la mama wa bibi yako mkubwa, ambalo halipo mahali pengine popote duniani. *Paganorum* ni wazazi wasiobatizwa. *Uxorem* ni mke wa, *viduam* ni mjane. *Matrina* ni mama wa ubatizo. Mwandike, mara nyingi alikuwa jirani au ndugu aliyemuuguza. Ukiona neno *catechista*, aliyembatiza ni katekista kitandani nyumbani, si padri kanisani.

Kwa wasomaji wengine: mtu mzima mwenye afya hakubatizwa haraka. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walitaka mafundisho ya miaka minne, kwa hiyo toa minne kwenye tarehe ya ubatizo upate mwaka alioanza kwenda misioni. Tazama pia pembeni mwa mstari, ndoa huandikwa hapo. Na tafuteni daftari la vifo, *Liber Defunctorum*, ambalo watu wengi huliruka.

Tahajia huwapoteza watu. Padri wa Kifaransa au wa Kanada aliandika *ou* kwa u na *dj* kwa j. Mjerumani aliandika *sch* kwa sh na Mwanza kwake ilikuwa *Muansa*. Ng'wana iligeuka Mwana au Ngwana. R na L hubadilishana kila ukurasa. Soma jina kwa sauti, kwa lafudhi ya mgeni, mpaka sikio lako lilitambue.

Na kama kijiji chenu leo kina parokia mpya, kitabu chake cha zamani kiko kwa parokia mama. Ukerewe, Kagunguli ni ya tangu karne ya 19. Bara, Bukumbi ilianzishwa 1883 na vigango vingi vya mbali viliandikwa huko. Uliza kwanza, "mwaka huo kigango chetu kilikuwa chini ya nani?" Nenda na barua, penseli badala ya kalamu ya wino, mikono mikavu, na upige picha bila mwanga wa kamera.

Cheti cha kifo

*Ndugu wahariri, bibi alifariki kijijini 1943. Naweza kupata cheti chake cha kifo? — Sengerema*

Hakikuwepo, karibu kwa hakika. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilianza kutumika Tanganyika 1921, lakini kwa Waafrika haikuwa lazima, na kwa vijijini usajili ulikuja taratibu baada ya Uhuru. Ukikihitaji kwa jambo la kisheria, usajili uliochelewa huulizwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia ofisi ya wilaya. Kwa ajili ya kumbukumbu tu, mstari mmoja wa daftari la kanisa una mengi kuliko cheti.

Kaburi lililobaki matongoni

*Wazee wangu, tulihamishwa 1974. Bibi alizikwa kwenye boma la zamani, leo ni mashamba ya watu. Aliyejua mahali ni mjomba, naye macho hayaoni tena. Tutapataje kaburi? — Misungwi*

Mjomba haoni, lakini anakumbuka kwa miguu. Mpelekeni. Mkishindwa kumpeleka, mwambieni awasimulie njia kama alivyokuwa akipeleka ng'ombe kunywa: akitoka langoni jua la asubuhi lilimpiga shavu lipi, kijito kilikuwa upande gani, mwamba upi ulionekana. Andikeni, mchore, ndipo mwende.

Nendeni Agosti au Septemba, mavuno yametoka na nyasi zimelala. Kwanza tafuteni boma, kaburi baadaye. Boma la Kisukuma huacha mstari wa minyaa au mkonge hata baada ya miaka 50, kwa sababu mifugo hailili na moto hauuui upesi. Zizi huonekana kwa udongo mweusi na majani manene kuliko ya jirani. Samadi ya miaka mingi haiishi haraka. Jikoni patakuwa na mafiga, vigae, na jiwe la kusagia lenye uso uliochimbika. Jiwe hilo, kama ni la kubebeka, ni mkono wa mwanamke wa nyumba ile. Lile shimo lilichimbwa na nguvu zake za kila alfajiri. Msilichanganye na mashimo ya kusagia yaliyo kwenye mwamba wenyewe, hayo yanaweza kuwa ya watu wa zamani sana wasio na uhusiano na boma lenu.

Kaburi la udongo halibaki tuta. Baada ya miaka hushuka na kuwa bonde dogo la urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, wakati mwingine na mawe yaliyopangwa juu au pembeni. Saa sita mchana hamtaliona. Njooni saa kumi na mbili kasoro jioni, jua likilala, mtembee mkilitazama jua. Kivuli hujaza bonde na umbo hujitokeza. Msichimbe kuhakikisha. Na kabla ya yote hayo, salimieni mwenyekiti wa kitongoji na mwenye shamba wa leo. Mkiingia kimya ataamini mnarudi kudai ardhi, na kesho yake minyaa itang'olewa.

Mkipata, chukueni namba za mahali, zile za GPS, kwa simu mkiwa wazi mbali na miti. Tarakimu tano baada ya nukta zinatosha. Simu yenyewe hukosea mita 3 hadi 5, hivyo pimeni pia kwa kamba kutoka vitu viwili visivyohama, mwamba na mwamba. Sisi tuko kusini mwa ikweta: namba ya kwanza ina alama ya kutoa mbele. Ikisahaulika, kaburi la Misungwi litahamia kaskazini mwa Uganda, pande za Gulu, na mjukuu wenu atakayelitafuta hatajua kosa liko wapi.

Msomaji wa kisiwa cha Kome aliyeuliza kaburi lililokuwa ufukweni: mvua za 1961 na 1962 zilipandisha ziwa, na kufikia 1964 lilikuwa juu kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 lilipanda tena mpaka kimo hicho. Pwani ikiwa tambarare, mita 2 za kimo zaweza kuwa mita 100 za nchi kavu. Kaburi hilo limekwenda na maji. Wekeni kibao juu zaidi, mita 60 au zaidi kutoka ukingoni, maana ndani ya hapo sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu kujenga kitu cha kudumu, na mwandike kwamba alizikwa chini yake, upande wa ziwa.

Mwislamu au Mkristo?

*Assalaam alaykum. Kwenye makaburi ya mji kuna safu ya zamani, mawe yamefutika. Bibi yetu alisilimu alipoolewa. Nitatambuaje kaburi lake kati ya ya Wakristo? — Mwanza mjini*

Waalaykum salaam, ndugu yetu. Watu husema tazama kaburi limelala wapi. Kwa Mwanza hilo halitoshi. Kutoka hapa kibla ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. Maiti ya Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia uso ukiwa kibla, kwa hiyo kaburi hulala mashariki na magharibi, kichwa mashariki. Desturi ya zamani ya Kikristo nayo ni mashariki na magharibi, ila kichwa magharibi. Safu zote mbili zinafanana kwa mbali. Tofauti ni upande lilipo jiwe la kichwani. Wakristo hawakulifuata hilo kila mahali, na msalaba huwekwa hata miguuni, basi lichukue kama dalili ya kwanza tu. Dalili ya pili ni wastani wa safu nzima: kaburi moja hudanganya, kumi yakikubaliana hayadanganyi.

Maandishi yaliyofutika yasomwe kwa mwanga wa ubavuni. Nenda saa moja asubuhi, au uilaze tochi karibu igusane na jiwe, uizungushe pande zote nne, upige picha kila upande. Usipake chaki wala unga, usikwangue kwa msasa au brashi ya waya, usimwage dawa ya choo. Herufi nyingi za zamani hapa zilichorwa kwa msumari kwenye saruji mbichi, kina chake ni milimita mbili tu. Brashi ya waya inakula hizo mbili kwa dakika moja. Maji safi, brashi laini ya nguo, na subira.

Bibi aliuawa

*Shikamooni. Bibi yangu aliuawa na watu wa kijijini kwa kusingiziwa uchawi, kwa sababu ya macho mekundu. Nyumbani husemwa "aliugua ghafla". Watoto wangu wanauliza. Niandike nini? — Mama wa watoto wanne, Magu*

Marahaba, mwanetu, na pole sana. Andika kwamba aliuawa.

Tunajua kwa nini familia husema aliugua. Waliobaki walitaka kuendelea kuishi na majirani, na wengine waliogopa tuhuma ihamie kwa binti. Ukimya ule uliwalinda. Watoto wako hauwalindi, kwa sababu wakilisikia kisimani watalisikia kwa maneno ya wauaji. Sentensi ni hii: "Aliuawa kwa kutuhumiwa uchawi." Usiandike "alikuwa na mambo yake", usiandike "inasemekana". Yaliyosemwa juu yake yalikuwa tuhuma. Kilichotendeka ni mauaji.

Kisha yaeleze macho. Mwanamke wa Usukuma, ambako kuni zimeadimika, alipika kwa samadi kavu na mabua ya pamba, ndani ya jiko la paa la chini lisilo na dirisha, mara mbili kwa siku. Fanya hesabu ya miaka 50. Ongeza vikope visivyotibiwa. Macho yale yalikuwa mekundu kwa kulisha watu. Bibi wengi wa Mwanza na Shinyanga waliuawa kwa alama hiyo, na watoto wako wanastahili kujua alama yenyewe ilitoka wapi.

Ukitaka kutafuta maandishi: mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, na kwa huku jalada likiwepo litakuwa Mwanza. Watu wengi huenda na jina la marehemu wakarudi mikono mitupu. Kesi huorodheshwa kwa jina la mshtakiwa, Jamhuri dhidi ya fulani. Bila jina hilo, nenda na mwaka na kijiji. Mwaka waweza kuukaribia kwa kuuliza kama ilikuwa kabla au baada ya sungusungu kuanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na jiandae: mara nyingi hakuna aliyeshtakiwa.

Zungumza na wazee mmoja mmoja, kamwe si kwa kikao. Ambaye hakuhukumiwa na mahakama usimtaje kwa jina kwenye kitu kitakachosambazwa. Weka uliyoambiwa katika karatasi tofauti, na tarehe na jina la aliyekuambia, ifungwe kwenye bahasha kwa mtu mmoja unayemwamini. Usiende kwa familia ile kudai.

Halafu, mwanetu, usiuache ukurasa ule na usiku mmoja tu wa maisha yake. Alilima nini, alifinyanga vyungu au hakufinyanga, alizalisha wanawake wangapi wa kijiji kile kile, chakula gani watu walimfuata kukiomba. Uliza mboga yake. Wazee wanaoogopa kuzungumzia kifo watakuambia mlenda wake mpaka usiku uingie.

Kibao cha kaburi

*Kaka zangu na mimi tunataka kumwekea bibi kibao, si kaburi la marumaru. Fundi anataka fedha nyingi. Twaweza wenyewe? — Ilemela*

Mwaweza. Na mmefanya vizuri kuacha marumaru: vigae hubanduka, kwani jua huvitanua na kuvisinyaza tofauti na zege lililo chini, na msimu wa pili maji yanaingia nyuma yake.

Tengenezeni kibao cha sentimita 60 kwa 45, unene 10. Fomu iwe ya mbao zilizonyooka, ipakwe oili chafu ndani. Mchanganyiko ni 1:2:4. Kwa kipimo hicho mtatumia saruji lita 6, mchanga lita 12, kokoto ndogo lita 24. Kwa kopo la lita 2 ni makopo matatu, sita na kumi na mawili. Saruji hiyo ni kama kilo 9, hivyo msinunue mfuko mzima kama jirani anajenga. Maji lita 4 hadi 4 na nusu, basi. Kila fundi wa mtaani huongeza maji ili zege lishuke kirahisi, na ndiyo sababu vibao vingi huchubuka uso kama magamba. Mchanga wa ziwani una matope na majani. Uoshwe kwenye karai mpaka maji yatoke meupe.

Wekeni wavu wa waya katikati, sentimita 5 kutoka juu na 5 kutoka chini. Ukikaribia uso, kutu huvimba na kulipasua zege ndani ya miaka michache. Gongeni fomu pande zote kwa nyundo mpaka mapovu yaishe, mlainishe kwa mwiko.

Herufi huchorwa zege likianza kushika: bonyeza kidole, kiache alama bila kunatia saruji. Kwa joto la Mwanza ni muda wa saa mbili hadi nne tangu kumimina, kivulini. Mapema mno kingo humomonyoka, ukichelewa msumari unaruka. Tumieni msumari wa inchi 4 na rula, kina milimita 5, urefu wa herufi sentimita 3 na nusu. Mstari mmoja hubeba herufi 16 hivi na nafasi zake, basi pangeni kwanza kwenye karatasi ya ukubwa ule ule. Rangi peke yake isiwe maandishi. Hupauka, na kibao kikabaki kitupu.

Mstari wa kwanza jina alilozaliwa nalo. Wa pili, binti wa nani, na mama yake akijulikana naye atajwe. "Mke wa" ije baada ya hapo, kama nafasi ipo. Tumeona vibao vingi vyenye jina la mume na chini yake "na mkewe", na hilo hatulishauri kwa mtu yeyote. Mwaka usiojulikana barabara uandikwe kwa mipaka yake, 1901/05, msibuni tarehe ili kibao kipendeze.

Funikeni kwa gunia lililolowa siku saba, mkilimwagia asubuhi na jioni. Kitakuwa na uzito wa kilo 65, watu wawili wenye kamba. Kilazeni kichwani mwa kaburi juu ya mawe yaliyoshindiliwa, upande mmoja uinuke sentimita 5 ili maji ya mvua yasitulie kwenye jina.